Je, kumweka mtumiaji wa unga (heroini) chini ya uangalizi wa jamii kunapunguza kurudia makosa?

Mjumbe wa Wete

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni mjumbe katika baraza la ushauri la shehia moja huku Wete, Pemba, na swali ninalolileta limetugawa kwa vikao viwili sasa. Msimu wa karafuu uliopita kijana wa miaka 23 alikamatwa alfajiri akiwa na nusu polo (gunia) ya karafuu kavu aliyoizoa juu ya jamvi la jirani yake, na alipopekuliwa zikatoka kete mbili za unga katika upindo wa suruali. Kijana mwenyewe tunamjua tangu alipokuwa akienda chuoni na juzuu kwapani, na hapana hata mmoja wetu anayeamini kuwa aliiba kwa jambo jengine zaidi ya kutafuta fedha ya kete ya siku ile. Hii ni mara yake ya pili. Mara ya kwanza alipelekwa Chuo cha Mafunzo, yaani gereza, kwa miezi sita, akatoka amenawiri uso na mwili, na hata mwezi wa pili haujaandama alikuwa ameshaonekana tena maskani kwake, yaani kijiweni.

Sasa baba yake anataka baraza limuunge mkono ili mahakama, ikimtia hatiani, imwache atumikie adhabu nje kwa masharti, akiwa chini ya uangalizi. Upande mmoja wa baraza unasema kifungo kimeshajaribiwa na hakikufaa kitu; upande wa pili unasema kumwacha nje ni kumrudisha kwenye jamvi la karafuu. Huruma tunayo sote, kwa hivyo naomba tuiweke kando. Ninalotaka kulijua ni kama kumweka mtu wa namna hii chini ya uangalizi kunapunguza kweli kurudia makosa, au kunaahirisha tu siku ya kukamatwa. Mwenye ushahidi, wa hapa kwetu au wa kwengine, anisaidie.

Karani Mstaafu

Wa alaykum salaam, Mheshimiwa Mjumbe. Nimeandika madaftari ya mahakama kwa miaka 31, na kabla ya kukujibu naomba tukubaliane kwanza tunakusudia nini tunaposema "kurudia", kwa sababu ugomvi mwingi wa vikao kama chenu huzaliwa hapo. Yuko anayekamatwa tena na polisi, yuko anayetiwa hatiani tena, na yuko ambaye hakutenda kosa jipya lolote ila amevunja sharti: hakuripoti siku yake, au mkojo wake umepimwa ukaonesha kuwa ametumia. Katika daftari wote watatu huishia kuhesabiwa kuwa wamerudi. Aliyemaliza kifungo hana sharti la kuvunja wala hapana anayempima mkojo, kwa hivyo ukimlinganisha na aliye chini ya uangalizi, mizani imeshainama kabla hujaweka kitu.

Ushahidi mzito ninaoujua juu ya jambo hili ni wa Marekani. Shirika la utafiti la RAND, kwa mkono wa Joan Petersilia na Susan Turner, lilifuatilia programu 14 za uangalizi mkali katika majimbo 9, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Watu wapatao 2,000, wengi wao wakiwa na mambo ya dawa za kulevya, waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakawekwa chini ya uangalizi mkali, wenye kutembelewa na kupimwa mara kwa mara, na baadhi wakaachwa katika utaratibu wa kawaida. Ugawaji wa namna hiyo una maana kubwa, kwa sababu hakimu akiachiwa achague mwenyewe atamchagua yule anayeonekana mwepesi kurekebika, halafu programu isifiwe kwa sifa ambazo mtu yule alikuja nazo kutoka kwao. Baada ya mwaka mmoja, waliokamatwa kwa kosa jipya walikuwa asilimia 37 katika kundi la uangalizi mkali na asilimia 33 katika kundi jengine. Lakini walioonekana wamevunja masharti walikuwa asilimia 65, dhidi ya asilimia 38. Kwa maneno mengine, jicho lilipozidi, yaliyoonekana yakazidi, na makosa yenyewe yakabaki palepale. Pamoja na hayo, watafiti walibaini kuwa waliohudhuria matibabu na ushauri huku wakiangaliwa walikamatwa kwa uchache zaidi, ijapokuwa hapo inabidi tujiulize kama wanaohudhuria si wale ambao nia ya kuacha walikuwa nayo tangu mwanzo.

Nitaongeza la kwangu mwenyewe. Katika mahakama moja niliyoitumikia nilikuwa nashika daftari la kuripoti. Kijana mmoja alitakiwa kutia saini kila Jumatatu kwa mwaka mzima, naye alikuja kila Jumatatu bila ya kukosa. Ukilifungua daftari lile unaona wiki nyengine saini yake imenyooka na herufi zimekaa vizuri juu ya mstari, na wiki nyengine imepinda, imeshuka hadi kwenye jina la mtu wa chini yake, na pembeni pana doa la jasho. Mimi nilikuwa nikijua wiki zipi alikuwa na arosto na wiki zipi alikuwa ameshatumia, lakini hapana aliyeniuliza, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuwa saini ipo. Mwaka ulipokwisha ikaandikwa kuwa ametimiza masharti yote. Haikupita miezi mitatu nikamwandika upya, safari hii kwa kuvunja duka.

Mama wa Jang'ombe

Shikamoo Mzee Karani, na wewe Mjumbe nakusalimia. Mimi si msomi wa tafiti, ni mama, na nitaeleza niliyoyaona ndani ya nyumba yangu.

Mwanangu naye aliwahi kupewa sharti la kuripoti, kama huyo wa daftari. Hakufika hata wiki ya tatu. Watu wakasema hana adabu, na mimi pia nilisema hivyo, mpaka nilipokuja kufahamu kuwa unga humwachia mtu saa chache tu, halafu mifupa huanza kumkatika, tumbo likamwenda mbio na machozi yakamtoka bila ya kulia. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia Jumatatu umemwambia jambo la mwaka kesho. Wakati ule aliniuzia sufuria zote, akafungua hata bomba la uani akalipeleka kwa wauza vyuma chakavu, nikawa nachota maji kwa jirani.

Sasa yumo katika mwaka wake wa nne wa methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga, pale hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2015. Nimewahi kumsindikiza mara nyingi, kwa hivyo naweza kukuelezeni ilivyo. Anakwenda asubuhi, jina lake linatazamwa, anapewa dawa ya maji katika kikombe kidogo, anainywa palepale mbele ya muuguzi, anashushia maji, halafu anasemeshwa kidogo ili ijulikane kuwa ameimeza na hakuificha mdomoni. Dawa ile inamchukua siku nzima na usiku wake. Asipotokea, inajulikana siku ileile. Akija amelewa, inajulikana siku ileile. Hapana aliyeuita huo uangalizi, na mwanangu mwenyewe hauoni kuwa ni uangalizi, lakini mimi najiambia kuwa hapana afisa wa mahakama aliyewahi kumwona mara 7 kwa wiki. Katika miaka hii hajakamatwa hata mara moja, na bomba la uani nimelirudisha.

Kwa hivyo Mjumbe, ukiniuliza mimi, nakwambia inategemea anayemwangalia amemshikia nini mkononi. Akiwa ameshika kalamu na daftari peke yake, muda wenu utapotea bure.

Maalim wa Chake

Bi Mkubwa, Mungu akuhifadhie mwanao. Hata hivyo naona mjadala umeanza kuegemea upande mmoja, na mimi ni katika wale wenye wasiwasi, nami nitausema bila ya kuuzunguka.

Wasiwasi wangu wa kwanza ni muhali, yaani kuoneana haya kwa sababu ya udugu na ujirani. Uangalizi wa jamii katika vitabu una maana ya afisa aliyesomea kazi hiyo, asiyekuwa na udugu na mtu yeyote, akiripoti alichokiona. Huku kwetu una maana ya sheha, kiongozi wa shehia, ambaye mama wa kijana ni binamu yake, na wajumbe ambao wameposa na kuoza ndani ya ukoo huohuo. Kijana akivunja sharti, nani atakwenda kusema? Atafuatwa usiku, ataambiwa mtoto ni wako huyu, na barua ya kwenda mahakamani itabaki ndani ya kabati. Nimeshuhudia hivyo katika jambo lililokuwa dogo kuliko hili. Kwa hivyo Mzee Karani anapotuambia kuwa jicho likizidi yanayoonekana yanazidi, nahofia kuwa kwetu itakuwa kinyume chake: yataonekana na yatafunikwa, halafu hesabu itoke nzuri na sote tupigiane makofi.

La pili ni kwamba methadoni inawafaa watu wa unga na wa jamii ya afyuni. Kijana aliyekamatwa na misokoto ya bangi haina kazi kwake, na mahakamani wa bangi si haba.

La tatu, mwenye karafuu hajatajwa hata mara moja tangu mjadala uanze. Yeye alipanda mkarafuu, akahatarisha miguu na mikono, maana uchumaji wenyewe mnaujua, akaanika siku nne akianua kila wingu linapopita, na nusu polo yake imekwenda.

Kwa maoni yangu, kama ni lazima kijana aachwe nje, basi masharti yawe makali na adhabu iwe ya papo hapo: apimwe mkojo bila ya kuambiwa siku, na akikutwa ametumia alale ndani siku mbili tatu, bila ya mjadala na bila ya kusubiri kesi. Nimesoma kuwa huko Hawaii walifanya hivyo na wakafanikiwa sana. Chuo cha Mafunzo kwetu mfungwa huitwa mwanafunzi. Mimi kama mwalimu najua kuwa mwanafunzi hujifunza kwa adhabu ndogo iliyo na hakika kuliko kwa kubwa inayochelewa.

Mfanyakazi wa Ustawi

Maalim, hoja yako ya Hawaii ni ya haki, na inastahili isemwe yote, mwanzo wake na mwisho wake. Mpango ule uliitwa HOPE na ulianzishwa mwaka 2004 na Jaji Steven Alm. Jaribio la kwanza lililowagawa watu kwa bahati nasibu, ambalo ripoti yake ilitoka mwaka 2009, lilionesha kuwa waliokuwa chini ya mpango huo walipungua kukamatwa kwa makosa mapya kwa asilimia 55 na kupungua kutumia dawa kwa asilimia 72, wakilinganishwa na wa uangalizi wa kawaida. Dunia ikafurahi. Kisha ukarudiwa katika maeneo manne ya Marekani bara, katika majimbo ya Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, na matokeo yaliyotoka mwaka 2016 hayakuonesha tofauti ya maana katika kukamatwa tena. Utaratibu ulikuwa uleule, adhabu ya siku mbili tatu ileile. Wengi wanaoyasoma matokeo hayo, na mimi nikiwa mmoja wao, wanaona kuwa Hawaii kulikuwa na jaji aliyeamini anachokifanya na kusema na kila mtu kwa jina, jambo ambalo haliwezi kuandikwa kwenye mwongozo na kupelekwa Texas.

Linaloungana na hilo ni kazi iliyofanywa Kanada na James Bonta na wenzake. Walirekodi mazungumzo baina ya maafisa wa uangalizi na watu wao, wakagundua kuwa muda mwingi ulikwenda katika masharti na ratiba, na muda mdogo katika yale yanayompeleka mtu kwenye kosa: marafiki zake, namna anavyojihalalishia, matumizi yake ya dawa. Wakawafundisha baadhi ya maafisa kuyazungumza hayo. Katika miaka miwili, waliotiwa hatiani tena miongoni mwa watu wa maafisa waliofundishwa walikuwa kiasi cha asilimia 25, na miongoni mwa watu wa maafisa wasiofundishwa kiasi cha asilimia 40. Mzee Karani, ile saini iliyopinda ndiyo iliyokuwa mlango wa mazungumzo hayo, na sikulaumu wewe. Hapana aliyekufundisha wala kukuruhusu kuuliza.

Kuhusu mahakama maalumu za dawa za kulevya, ya kwanza ilianzishwa Miami mwaka 1989, na humo hakimu huyaunganisha matibabu, vipimo na kumwita mtu mbele yake mara kwa mara. Mapitio yaliyokusanya tathmini 154 na kuchapishwa mwaka 2012 yalikadiria kuwa kurudia makosa kwa watu wazima hushuka kutoka asilimia 50 hadi takriban asilimia 38. Nakiri kuwa nyingi kati ya tathmini hizo hazikugawa watu kwa bahati nasibu, kwa hivyo onyo la Mzee Karani juu ya kuchagua walio wepesi linahusika hapa pia.

Ama hoja ya kijana wa bangi, jibu lake huwashangaza wengi. Mtu ambaye hatari yake ya kurudia ni ndogo, ukimbana kwa uangalizi mkali unaweza kumharibu: unamtoa kazini ili aripoti, unamkalisha benchi moja na waliokubuhu, na unamwekea masharti mengi kiasi kwamba lazima moja limponyoke. Uangalizi mzito uwekwe kwa mwenye hatari kubwa, na mwepesi aachwe kwa wepesi. Huyo wa Wete, mwenye makosa mawili na unga mwilini, simweki katika wepesi.

Kuna jambo moja ambalo hamjalitaja, nami sitaki lipite. Mtu wa unga akikaa ndani miezi kadhaa mwili wake husahau kile kipimo alichokizoea. Akitoka akatumia kiasi chake cha zamani, anaweza kufa papo hapo. Utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya watu wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya. Mjumbe, kijana wenu alirudi maskani ndani ya miezi miwili na yuko hai. Msidhani kuwa ndivyo inavyokuwa siku zote.

Na muhali, Maalim, siukatai. Nimeuona ukifanya kazi kwa macho yangu. Ndiyo maana ninaona ni kosa kumfanya jirani kuwa mwangalizi na mwamuzi kwa pamoja. Sheha aulizwe analolijua bila ya kugombana na mtu, yaani kijana analala wapi na anashinda wapi. Dawa ashike muuguzi. Na wa kuamua nini kifanyike sharti likivunjwa awe mtu wa shehia nyengine kabisa, ambaye baba wa kijana hajui hata mlango wake.

Karani Mstaafu

Nakubali lawama ambayo hukunilaumu. Kwa upande wa sheria, Mjumbe, angalia jambo moja kabla hamjaandika barua: katika vikao husikika mtu akiitaja Sheria ya Huduma za Jamii ya mwaka 2002 inayoruhusu adhabu mbadala kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, lakini sheria hiyo ni ya Tanzania Bara na mahakama zetu haziitumii. Mwambieni wakili wa kijana asome Sheria ya Adhabu Namba 6 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7, zote za Zanzibar za mwaka 2018, na kwa upande wa kete asome Sheria Namba 8 ya mwaka 2021 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar. Barua ya shehia inayotaja sheria ya bara huwekwa chini ya jalada na haisomwi tena.

Maalim wa Chake

Nimesoma mara mbili. Kuhusu Hawaii nimekubali kuwa nilishika nusu ya habari. Kuhusu mwamuzi kutoka shehia nyengine, hilo linaniondolea nusu ya wasiwasi wangu, na nusu iliyobaki ni ya mwenye karafuu, ambaye bado hajajibiwa.

Mjumbe wa Wete

Nawashukuru nyote, na wewe Bi Mkubwa zaidi. Tumekaa jana baada ya sala ya alasiri na nimeyasoma majibu yenu mbele ya baraza, isipokuwa ya asilimia ambayo niliyafupisha. Tumekubaliana kuandika kuwa shehia inaunga mkono kijana kuachwa nje kwa sharti moja la kwanza: aanze matibabu katika wiki ya mwanzo, na akae kwa shangazi yake Unguja kwa muda wa matibabu, maana hapo maskani pake wamemfungulia mkeka tayari wanamsubiri. Sharti la kuripoti kwa sheha tumelifuta, na sheha mwenyewe ndiye aliyefurahi kuliko wote. Mwangalizi tumemwomba mwalimu mstaafu wa shehia ya tatu kutoka hapa, naye ameomba kwanza aelezwe aulize nini na asiulize nini. Hapo Mfanyakazi wa Ustawi nitakutafuta kwa ujumbe wa faragha.

Maalim, mwenye karafuu tulimwita. Baba wa kijana atamlipa nusu polo kwa bei ya msimu, kwa mafungu matatu. Amekubali, ila ameomba liandikwe katika barua kwamba wakati wa mavuno kijana asipangiwe kazi yoyote ya kulinda majamvi.